Viatu Mlangoni: Ziara Yetu Katika Hekalu la Mabaniani, Hurumzi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, sala na maisha ya nyumbani. Mwezi huu twataka kuwasimulieni ziara moja fupi, kwa sababu katika ziara hiyo lilitamkwa neno lililotuaibisha, na aibu ile imetufunza. Twaonelea kwamba funzo likifichwa halimfai mtu.

Vijana sita wa Narung'ombe, katika wilaya ya Ruangwa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Nachingwea, walifika Unguja pamoja na mwalimu wao wa chuo kuhudhuria Maulidi. Wote ni watoto wa wakulima wa korosho na ufuta, na watatu kati yao walikuwa hawajapata kuiona bahari kabla ya safari ile. Mwalimu alituomba tuwatembeze Mji Mkongwe, nasi tukakubali kwa furaha. Tuliwaonyesha msikiti wa Malindi wenye mnara uliochongoka mfano wa pia. Tukawapeleka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hata mwaka 1873, ambapo Waingereza walijenga kanisa lao kuu. Pale vijana walinyamaza kimya, maana wengi wa waliouzwa sokoni hapo walipitishwa Kilwa, wakitoka bara ya kusini hata Ziwa Nyasa. Toka hapo tukaingia vichochoro vya Hurumzi, ambako mnara wa hekalu la Mabaniani waonekana juu ya mapaa ya nyumba.

Mlangoni palikuwa na viatu vimepangwa, kwa kuwa Baniani haingii hekaluni na viatu, kama nasi tusivyoingia msikitini navyo. Mzee mmoja wa Kibaniani alikuwa ameketi barazani. Basi kijana mmoja, hodari wa maneno, alivitazama vile viatu akasema kwa sauti: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa!" Wenziwe wakacheka. Yule mzee aliinua uso, akajibu kwa Kiswahili kisafi cha Unguja: "Basi chagua kimoja, mwanangu. Ukiumwa utakitumia." Kisha akasema, "Karibuni, karibuni nyote. Mmetoka wapi?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu aliinamisha kichwa. Wale vijana walikuwa hawajampa mzee yule hata shikamoo, naye ni mtu wa umri wa babu zao. Na sisi tuliokuwa wenyeji wao tulijua kwamba methali ile hawakuizua wao; waliipata kwetu wazee, majumbani na barazani, wala hatukupata kuwaeleza maana yake.

Tulipomwambia kuwa wageni wametoka Ruangwa, mzee aliupiga mkono gotini: "Ah, kusini! Kwenye ufuta!" Akawaeleza kuwa katika dini yao ufuta ni nafaka ya ibada, na mtu akiwakumbuka wazee wake waliokufa hutoa maji pamoja na punje za ufuta. Kijana yule yule mwenye methali alishtuka, kwa sababu baba yake ndiye alimaye ufuta, na hakupata kujiuliza waununuao wanaupeleka wapi na kwa kazi gani. Kadhalika korosho mbichi za Ruangwa, sehemu kubwa husafirishwa kwenda India. Ada za chuo za vijana wale zililipwa kwa fedha za mazao hayo.

Tuliingia tukasimama kando, wala hatukushiriki katika ibada yoyote. Tuliona taa za samli, maua, nazi na udi. Tukasikia kengele ambayo kila aingiaye huigonga. Tuliona kuwa hawasimami safu kama tusimamavyo sisi nyuma ya imamu. Kila mmoja huja kwa wakati wake, akasimama mbele ya sanamu, akaunganisha mikono, akaomba, akaenda zake. Kwao jambo kubwa ni kule kuona na kuonwa: mja amtazame anayemwabudu, naye aamini kuwa anatazamwa. Kwa sababu hiyo sanamu huamshwa asubuhi, huoshwa, huvishwa nguo, na usiku hulazwa kama mfalme katika jumba lake.

Tulipotoka vijana walikuwa na maswali mengi, nasi tumeona vema kuyajibu hapa, kwa kuwa twadhani yamo katika vifua vya vijana wengine pia.

Dini hii ni ya namna gani?

Dini ya Mabaniani, au Wahindu, haikuanzishwa na mtu mmoja wala haina kitabu kimoja. Vitabu vyao vya kale kuliko vyote huitwa Veda, na ile ya kwanza, Rigveda, imepita miaka 3,000. Kwa muda mrefu haikuandikwa. Makuhani waliihifadhi vifuani, baba akimsomesha mwana, neno kwa neno na lahani kwa lahani. Mwanafunzi wa chuo aliyehifadhi juzuu thelathini anaweza kufahamu taabu ya kazi hiyo. Katika zama hizo hawakuwa na mahekalu. Ibada yao ilikuwa kutoa sadaka katika moto. Mahekalu ya mawe yalikuja baadaye, na yale ya kale yaliyosimama hata leo katika Bara Hindi yana umri upatao miaka 1,500.

Mwislamu aliyetufungulia mlango wa kuijua dini hiyo ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973. Yapasa vijana walijue jina lake. Katika zama zake Sultani Mahmud wa Ghazni alishambulia Bara Hindi mara nyingi, na mnamo mwaka 1026 alilibomoa hekalu kubwa la Somnath katika Gujarat na kuchukua mali yake. Al-Biruni alikuwa chini ya utawala wa Sultani huyo huyo, lakini njia yake ilikuwa nyingine. Alijifunza Kisanskriti naye ni mtu mzima, akaketi na wanazuoni wa Kihindu, akawasoma vitabu vyao, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya India. Alisema kuwa hakusudii kubishana nao, bali kueleza wanayoyaamini kama wanavyoyaeleza wenyewe. Akabainisha kuwa wenye elimu miongoni mwao huamini Mungu Mmoja asiye na mwanzo wala mwisho, na kwamba sanamu zimewekwa kwa ajili ya watu wasio na elimu. Al-Biruni hakuacha Uislamu wake kwa kuyaandika hayo. Watu wawili walikwenda nchi moja, mmoja kwa jeshi na mmoja kwa kalamu, na leo ni kitabu cha huyu wa pili ambacho ulimwengu wote wakisoma.

Ama asiyetaka kujifunza hupata aibu ya namna nyingine, na mfano wake umo katika tarehe ya pwani yetu wenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, kisha Malindi. Huko Malindi aliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi, na Wareno wakawadhania kuwa Wakristo. Rubani aliyempata Malindi akamvusha bahari hata Calicut, akafika mwezi wa Mei. Huko aliingizwa katika hekalu, naye na watu wake wakalidhania kuwa kanisa, wakapiga magoti wakasali. Mwandishi wa safari ile ameandika kuwa ukutani palikuwa na picha za watakatifu wenye meno yaliyotokeza na mikono minne au mitano! Husimuliwa kwamba mmoja wao, João de Sá, aliingiwa na shaka pale pale alipokuwa amepiga magoti, akasema kama huyu ni shetani, yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Wanaume wale walivuka bahari nusu ya dunia, wala hawakuuliza swali moja kabla ya kusujudu. Basi ujinga wa dini ya jirani humwingiza mtu katika hatari mbili: ama huidharau bila ya kuijua, ama huifuata bila ya kuijua.

Je, tulikosea kuingia?

Sisi si mamufti, wala ukurasa huu si wa fatwa. Maulamaa wamehitilafiana katika jambo hili: wako waliokataza kuingia mahali penye masanamu, wako waliochukia tu, na wako walioruhusu kwa asiyeshiriki. Aliyeona uzito moyoni mwake na abaki nje, wala asimlaumu aliyeingia kwa nia ya kujifunza. Wala aliyeingia asimcheke aliyebaki nje. Lakini katika mambo mawili hapana hitilafu: Mwislamu hashiriki katika ibada isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu, wala hawatukani wale wanaoabudiwa na wengine. Jambo hili la pili limekatazwa waziwazi katika Sura Al-An'am, aya ya 108, na sababu yake imetajwa hapo hapo, kwamba nao wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri na bila ya elimu. Kijana anayefanya mzaha mlangoni pa hekalu hajamtetea Mola wake. Amemfungulia mtu mwingine njia ya kumtukana.

Mbona Nabii Ibrahimu alivunja masanamu?

Swali hili aliliuliza kijana mdogo kuliko wote, na ni swali zuri. Nabii Ibrahimu (a.s.) alikuwa Mtume kwa watu wake, akiwakabili baba yake na kaumu yake. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) aliisafisha Al-Kaaba, nayo ni nyumba iliyojengwa tangu asili kwa ajili ya Mungu Mmoja. Hakuna katika visa hivyo ruhusa ya mpita njia kuvunja au kudharau mahali pa jirani aliyemkaribisha.

Na tutazame walivyofanya Waislamu wa mwanzo walipokutana na Wahindu. Mnamo mwaka 712 Muhammad bin Qasim alipoingia mji wa Rur katika nchi ya Sindi kwa mapatano, aliamua, kama alivyosimulia Al-Baladhuri, kwamba mahekalu yao yahesabiwe sawa na makanisa ya Wakristo, masinagogi ya Mayahudi na nyumba za moto za Majusi. Nayo Sura Al-Hajj, aya ya 40, yataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti pamoja, kwamba zingalivunjwa lau Mwenyezi Mungu asingaliwakinga watu baadhi yao kwa wengine.

Waarabu wa Oman walikuwa na desturi hiyo kabla hawajauhamishia ufalme wao Unguja. Msafiri Carsten Niebuhr alipofika Maskati mwaka 1765 alikuta Mabaniani wapatao 1,200, wakiishi kwa sheria zao, wakiweka sanamu zao nyumbani na kuchoma maiti zao, jambo ambalo anasema hakuliona kwa wingi huo katika mji mwingine wa Waislamu. Hata leo hekalu la Shiva liko Maskati, karibu na kasri la Sultani. Seyyid Said aliileta desturi hiyo Unguja, na Mabaniani wakafuata: nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, iliikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi tangu miaka ya 1830. Nao walituachia maneno tunayoyatamka kila siku bila ya kufikiri, kama vile pesa, laki, gari, hundi na bima.

Na damu ya babu zetu?

Hapa ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa mazito. Kijana wa pili alisema: "Bwana, mmetuonyesha Mkunazini. Je, fedha za misafara ile hazikutoka kwa hawa?"

Hatukuweza kumwambia hapana. Matajiri wa Kihindi, wa dini mbalimbali, waliwakopesha wenye misafara mali iliyokwenda bara, na baadhi yao walikuwa na watumwa, hata konseli Rigby wa Uingereza akawalazimisha raia wake wa Kihindi kuwaachia huru mnamo mwaka 1860. Lakini tulimwambia pia yaliyobaki, ingawa yanatuchoma. Wenye misafara wengi walikuwa Waislamu. Wenye mashamba ya karafuu walikuwa Waislamu, wakisali na kufunga. Kama tutaidai damu ile kwa mzee wa Hurumzi kwa sababu ya dini yake, basi na sisi tutadaiwa kwa sababu ya dini yetu, na pengine deni letu litakuwa kubwa zaidi. Kurani Tukufu imekwisha kutuhukumu katika jambo hili: hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Dhambi ni ya aliyeitenda. Wajibu wa aliye hai ni kuikumbuka, asiifiche, wala asiirudie kwa sura nyingine.

Na Ayodhya?

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitaja neno hili, kwa sauti ya chini. Tarehe 6 Disemba mwaka 1992 kundi kubwa la Wahindu liliuvunja msikiti wa Babri katika mji wa Ayodhya, msikiti uliojengwa katika karne ya 16, na katika ghasia zilizofuata waliuawa watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu kabisa ya India ilisema kuwa uvunjaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, hata hivyo ikatoa kiwanja kile kwa Wahindu, na Waislamu wakapewa kiwanja mahali pengine. Tarehe 22 Januari mwaka 2024 hekalu jipya la Rama lilifunguliwa pale.

Hatuwezi kumwambia Mwislamu asihuzunike kwa hayo. Sisi tunahuzunika. Lakini Sura Al-Maida, aya ya 8, inatuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke katika kuacha uadilifu. Amri hiyo haikuletwa kwa siku za raha, ambapo uadilifu ni mwepesi; imeletwa kwa siku kama hizi. Mzee wa Hurumzi hakubeba nyundo Ayodhya. Tukimdharau yeye kwa kosa la watu wa mbali ambao hakupata kuwaona, tutakuwa tumeichukua hoja ya wale waliomfanya Mwislamu wa leo alipe deni la Sultani Mahmud wa miaka elfu iliyopita. Dhuluma ile ile tuliyoililia ndiyo tutakayokuwa tumeitenda.

Na tusisahau kuwa kisiwani humu pia yalipita mambo. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari mwaka 1964 Wahindi wengi walihama, na Mabaniani waliobaki Unguja leo ni wachache. Mji Mkongwe umeandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na watu huja kutoka mbali kutazama misikiti, makanisa na hekalu katika mitaa iliyokaribiana. Lakini mawe hayajilindi yenyewe. Yamebaki kwa sababu jirani hakumvunjia jirani yake.

Mwisho wa ziara

Jioni ile, kabla ya Magharibi, yule kijana mwenye methali alituomba tumrudishe Hurumzi. Hatukumwamrisha, wala mwalimu wake hakumwamrisha. Mzee alikuwa angali barazani. Kijana akasema, "Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi kwa neno langu la asubuhi." Mzee akaitikia marahaba, akamshika mkono, akasema, "Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Watu wengi wameniambia. Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Wasomaji wetu, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandike ukurasa huu. Mzee aliyezaliwa katika mji wetu, anayesema lugha yetu, anayeisikia adhana yetu mara tano kila siku, ameishi umri mzima akiambiwa kuwa ni mbaya, na katika Waislamu wote waliomwambia amerudi mmoja tu, mtoto wa mkulima wa Narung'ombe.

Akina baba na akina mama, tuchunguze methali tunazozitamka mbele ya watoto. Methali hii yenyewe, ukiitazama vema, inamsuta anayeitamka: inasema mtu ni mbaya, na papo hapo inakiri kuwa tunahitaji hata kiatu chake. Tumtumie mtu na kumdharau, hiyo si adabu aliyotufundisha Mtume wetu (S.A.W.). Nanyi vijana, shikeni Tauhidi yenu kwa nguvu, wala msiichanganye na kitu. Kisha mjue kuwa Tauhidi iliyo imara haihitaji kumcheka mtu ili isimame. Mpeni mzee shikamoo yake, awe wa dini yoyote. Ulizeni kabla ya kuhukumu. Na likikutokeni neno baya, rudini mkaombe radhi kabla jua halijatua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki, hata kwa wale tunaohitilafiana nao. Amin.

Wassalaam.